Phaethon na gari la Jua: kosa lilikuwa la nani?

Waswahili tuna methali mbili ambazo zikikaa nyumba moja hazipatani. Moja yasema mtoto akililia wembe mpe. Nyingine yasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ya kwanza inamwachia mtoto akatwe ili ajifunze. Ya pili inamwonya mzazi kwamba huruma ya leo ni kilio cha kesho. Wagiriki wa kale walikuwa na kisa cha baba aliyenaswa kati ya hizo mbili: mtoto alililia wembe, baba akampa, na iliyokatwa ikawa dunia nzima.

Baba huyo ni Helios, mungu wa jua. Mtoto ni Phaethon. Wengi wamekisikia kisa chenyewe kwa mkato: kijana aliomba kuendesha gari la jua, farasi wakamshinda, dunia ikashika moto, Zeus, mfalme wa miungu, akampiga radi. Kikikatwa hivyo kinabaki onyo kwa watoto wasiosikia la mkuu, na hutiwa kapu moja na kile cha Icarus, aliyeruka karibu na jua hata mabawa yake ya nta yakayeyuka. Kwa maoni yangu, mkato huo umekidhulumu. Ukikifuata katika maandishi ya kale utakuta masimulizi yanayopingana juu ya jambo la msingi kabisa, yaani mkosaji ni nani. Utakuta pia kwamba kinachomsukuma kijana si ukaidi. Ni swali la nasaba.

Kisa kama alivyokisimulia Ovid

Simulizi refu na lililosomwa kuliko yote halikuandikwa kwa Kigiriki. Limo katika Metamorphoses, utenzi wa Kilatini wa mshairi Ovid uliokamilika mnamo mwaka 8 BK. Linaanza mwishoni mwa kitabu cha kwanza na kula karibu nusu ya kitabu cha pili. Ovid, kwa kuwa ni Mroma, anamwita Zeus kwa jina la Jupiter na Helios kwa jina la Sol. Hapa nitabaki na majina ya Kigiriki ili tusichanganyikiwe zaidi ya inavyolazimu.

Mambo yanaanzia kwenye majibizano ya vijana. Phaethon analelewa katika nyumba ya Merops, mfalme wa Waethiopia. Mama yake, Clymene, amemwambia kwamba baba yake hasa ni Jua. Mwenzake wa rika moja, Epaphus, ambaye naye ni mwana wa Zeus, anachoshwa na majigambo hayo na kumtolea uvivu: wewe unaamini kila analokwambia mama yako, unavimba kichwa kwa baba asiye wako. Phaethon anaona haya hata hasira inamkauka. Anarudi nyumbani na kumtaka mama ushahidi. Clymene ananyoosha mikono kulielekea jua na kuapa kwamba kama anasema uongo, leo iwe mara yake ya mwisho kuuona mwanga huo. Kisha anamwambia mwanawe kuwa nyumba ya baba yake haiko mbali, inapakana na nchi yao; akitaka, aende akamwulize mwenyewe.

Kwetu husemwa kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, na mjadala umefungwa. Kwa kanuni hiyo hakuna tatizo lolote katika nyumba ya Merops: mume ana mwana, mwana ana baba, ufalme una mrithi. Phaethon ndiye anayekataa kufunikwa na shuka hiyo. Anafunga safari kuelekea mawio.

Kasri analofikia lina nguzo ndefu na milango ya fedha iliyochongwa bahari, nchi kavu na mbingu, kazi ya mungu mhunzi Hephaestus. Helios ameketi kwenye kiti cha enzi kinachometameta zumaridi. Pembeni yake wamesimama Siku, Mwezi, Mwaka, Karne na Saa, pamoja na misimu minne, kila mmoja na vazi lake. Kijana anabaki mbali, macho hayawezi kuvumilia. Baba analiona hilo, anaivua miale iliyomzunguka kichwa, anamwita asogee na kumkumbatia. Anamkiri kuwa ni mwanawe, na ili shaka imtoke kabisa, anamwambia aombe lolote atakalo atapewa. Anaapa kwa Styx, mto wa kuzimu ambao miungu wakishauapia hawana njia ya kurudi nyuma. Ovid anachomeka hapa neno la kejeli: Jua, anayeona kila kitu, anaapia kinamasi ambacho macho yake hayajawahi kukiona.

Phaethon anaomba gari, siku moja tu.

Helios anatikisa kichwa mara tatu, mara nne. Hotuba anayoitoa ni ndefu, na kwangu ndiyo moyo wa kisa kizima. Anasema hilo ndilo ombi pekee ambalo angemnyima. Hata Zeus mwenyewe hawezi kuliendesha gari hilo. Asubuhi njia ni mwinuko ambao farasi, pamoja na nguvu zao mpya, huupanda kwa taabu. Adhuhuri ni juu kiasi kwamba yeye mwenyewe akitazama chini moyo humdunda. Jioni ni mteremko mkali. Tena mbingu haitulii, huzunguka kinyume cha safari. Na wanaodhani huko juu kuna mahekalu na miji ya miungu wamekosea, kuna wanyama wa buruji, yale makundi ya nyota yaliyo kwenye njia ya jua: pembe za Thauri, upinde wa Kausi, taya za Asadi, makoleo ya Akarabu na ya Saratani. Kisha anasema neno ambalo kijana angelisikia, kisa kingeishia hapo. Unataka uthibitisho kwamba umetoka katika damu yangu? Uthibitisho ni hofu yangu hii. Kukuogopea hivi kunatosha kuonyesha kuwa mimi ni baba yako.

Yaani alichokifuata Phaethon ameshakipata. Tatizo ni kwamba ushahidi huo hawezi kurudi nao nyumbani akamwonyesha Epaphus. Hofu ya baba haionekani kwa watu. Gari la jua linaonekana na dunia nzima. Ndiyo maana sioni sababu ya kumwita kijana huyu mwenye kiburi tu. Ni mtu aliyeambiwa hadharani kwamba hana baba, na anataka hadharani ajibu.

Ahadi ni deni, na deni la Styx halisamehewi. Helios anampaka mwanawe dawa usoni ili moto usimuunguze, anamvika miale kichwani huku akipiga kite, na kumpa wasia: asitumie mjeledi, ashike hatamu kwa nguvu, kwa sababu farasi wenyewe wanakwenda mbio bila kuhimizwa. Akipanda juu mno atachoma mbingu, akishuka mno atachoma ardhi. Katikati ndiko kwenye usalama. Farasi ni wanne: Pyrois, Eous, Aethon na Phlegon.

Wanapoondoka tu wanahisi kwamba gari ni jepesi. Ovid analifananisha na jahazi lisilo na farumi, linalorushwa na mawimbi kwa kukosa uzito. Farasi wanaiacha njia. Phaethon anatazama chini, magoti yanalegea. Sasa anatamani angekuwa mwana wa Merops tu. Mara anamwona Akarabu, nge mkubwa aliyetandaza makoleo katika sehemu ya mbingu ya buruji mbili, mkia umejaa sumu. Hatamu zinamtoka mikononi.

Kinachofuata ni orodha ya milima inayowaka na mito inayokauka, na Ovid anaifurahia kupita kiasi: Athos, Taurus, Ida, Helicon, Etna, Parnassus, kisha Eufrati, Ganges, Danube, Rhine, hata Tiber ya kwao Roma. Libya inageuka jangwa. Bahari inanywea, samaki wanazama vilindini. Mwishowe Ardhi mwenyewe, ameinua uso uliojaa jivu, anamlalamikia Zeus: je, haya ndiyo malipo yangu kwa kuvumilia majembe mwaka mzima, kwa kuwalisha wanyama na binadamu na kuwapa ninyi miungu ubani? Zeus anapanda mahali ambapo huwa anamwaga mawingu na mvua, lakini siku hiyo hana wingu wala mvua. Kilichobaki ni radi. Anaitupa.

Phaethon anaanguka nywele zikiwaka, kama nyota inayoonekana kudondoka. Mto Eridanus unampokea mbali na kwao, mabinti wa mtoni wanamzika na kuandika kaburini kwamba hapa amelala Phaethon, mwendeshaji wa gari la baba yake. Hakulimudu, lakini alianguka akiwa amethubutu jambo kubwa. Baba anauficha uso, na siku moja nzima inapita bila jua. Mwanga uliokuwepo ni wa moto. Dada zake wanalia hadi wanaota mizizi na kuwa miti ya popla, na machozi yao yanaganda kuwa kaharabu. Rafiki na ndugu yake, mfalme Cycnus, anageuka batamaji. Helios anagoma: nani mwingine aje aliendeshe gari hili, na Zeus akijaribu mwenyewe ataacha kuwapokonya mababa watoto wao. Zeus anaomba radhi, kisha anatia na vitisho, kama wafalme wafanyavyo. Helios anawakusanya farasi na kuwachapa vibaya, akiwalaumu kwa kifo cha mwanawe.

Helios, Apollo, na Phaethon wangapi?

Wengi hukisimulia kisa hiki wakisema baba ni Apollo. Kwa asili si hivyo. Helios ni mwana wa Hyperion na Theia, wa ukoo wa Watitani, miungu wa kale waliomtangulia Zeus, na dada zake ni Selene, mwezi, na Eos, alfajiri. Katika miji mingi ya Ugiriki hakuwa na ibada kubwa, isipokuwa Rhodes, ambako ndiye aliyesimamishiwa lile sanamu la shaba la takriban meta 33, lililomalizika karibu mwaka 280 KK na kuangushwa na tetemeko karibu mwaka 226 KK. Apollo alikuwa mungu wa utabiri, muziki na tauni. Wawili hao walianza kuunganishwa katika karne ya 5 KK, na mfano mmoja wa mwanzo kabisa uliotufikia umo, ajabu, katika mchezo wa kuigiza juu ya Phaethon: Clymene anamlilia Helios na kusema kwamba ndiyo maana wajuao majina ya siri ya miungu humwita Apollo, yaani mwangamizaji. Kufikia wakati wa Ovid, Jua aliitwa Phoebus, jina la Apollo, bila mtu kushtuka.

Phaethon naye si mmoja. Katika Odyssey ya Homer, Phaethon ni farasi wa Eos. Katika Theogony ya Hesiod ni mwana wa Eos na Cephalus, kijana mzuri aliyechukuliwa na Aphrodite kuwa mlinzi wa hekalu lake usiku. Baadaye wanajimu wa Kigiriki waliita hivyo sayari ya Mshtarii. Hao hawahusiani na gari lolote lililopinduka, na ukisoma mahali kwamba mama yake Phaethon ni Eos, mwandishi amewachanganya.

Lawama inavyohama

Kabla ya Ovid, Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Athens, alikuwa amekitungia kisa hiki mchezo mwishoni mwa karne ya 5 KK. Mchezo ulipotea, kilichobaki ni vipande, na kimojawapo kilisalimika kwa bahati: kurasa mbili za ngozi zilikwanguliwa maandishi na kutumiwa upya ndani ya mswada wa Nyaraka za Paulo ulioko Paris. Humo hakuna Epaphus wala matusi. Kuna harusi. Merops anamwoza mwanawe, kijana hataki, na mama anaona umefika wakati wa kumwambia ukweli. Kwa hiyo siri ya mama ndiyo inayowasha moto.

Euripides ana mambo mawili ambayo Ovid hakuyachukua na ambayo mimi nayapenda zaidi. La kwanza, baba habaki nyumbani. Mjumbe anasimulia jinsi Helios alivyopanda farasi mwingine na kumfuata mwanawe nyuma akipaza sauti: elekea kule, geuza gari huku, huku! La pili, maiti inaletwa nyumbani ingali inafuka moshi, na Clymene anaificha haraka katika chumba cha hazina ya mfalme, huku Merops, asiyejua lolote, akiingia na wasichana wanaoimba nyimbo za harusi. Muda si mrefu mtumishi anakuja mbio: moshi unatoka chumba cha hazina. Mume atajua mambo mawili kwa mpigo mmoja, kwamba mwanawe amekufa na kwamba hakuwa mwanawe.

Hyginus, aliyekusanya ngano kwa Kilatini, ana masimulizi mawili yanayogombana ndani ya kitabu kimoja. Katika moja, Phaethon alipanda gari kwa siri, baba hakuambiwa. Hapo ndipo anakuwa kweli mtoto mkaidi wa mafunzo ya maadili. Lakini simulizi hilohilo lina jambo la kushangaza: kijana anaanguka kwa hofu, na ni radi ya Zeus iliyoanzisha kuungua kwa kila kitu. Kisha Zeus, akitafuta kisingizio cha kuwamaliza binadamu, akafungulia mito yote kana kwamba anauzima moto, wakapona Deucalion na mkewe Pyrrha tu. Humohumo lawama inawafikia pia dada zake, walioadhibiwa kwa kumfungia farasi bila amri ya baba. Katika simulizi la pili la Hyginus, Phaethon ni mjukuu wa Jua, si mwana.

Lucian, mcheshi wa karne ya 2 BK, aliandika mazungumzo mafupi ambamo Zeus anamgombeza Helios kama bosi anayemkaripia dereva aliyemwachia mtoto gari la kazi: ungewezaje kumkabidhi kijana asiye na akili, na ukirudia nitakupiga wewe. Mshairi Nonnus, katika karne ya 5 BK, anarudi nyuma hadi utotoni na kumwonyesha Phaethon akicheza na kigari cha matawi alichowafungia kondoo dume, akiigiza kazi ya baba yake. Kwa Nonnus hamu ile haikuzuka siku moja.

Kwa hiyo mkosaji ni kijana, au mama, au dada zake, au baba, au Zeus. Inategemea umefungua kitabu gani. Ukiniuliza mimi, Ovid amewapunguzia wote, akaacha mzigo mkubwa kwenye kiapo chenyewe. Helios alitoa cheki tupu kabla ya kuuliza inanunua nini.

Warumi walijua kukitumia kisa hiki kisiasa. Mwandishi Suetonius anasimulia kwamba kaizari Tiberius, akimwangalia Caligula aliyekuwa akikua chini ya uangalizi wake, alisema kwamba anawalea Warumi nyoka na dunia Phaethon. Tiberius alijua vizuri maana ya kukabidhi hatamu, na bado alimwachia Caligula nafasi ya kurithi. Seneca naye, mwanafalsafa wa karne hiyohiyo, aliinukuu hotuba ya Helios akaipindua kabisa: kwake Phaethon ni mfano wa moyo mkuu, kwa sababu aliambiwa hatari zote akazidi kutaka kwenda.

Waethiopia, ngozi, na kichwa cha Mto Nile

Kwa msomaji wa Afrika kuna mistari katika Ovid isiyopitika kimyakimya. Joto lilipozidi, anasema, ndipo inapoaminika kwamba watu wa Ethiopia waligeuka weusi, damu ikiwa imevutwa juu ya ngozi.

Kwanza, Ethiopia hiyo si nchi ya leo yenye mji mkuu Addis Ababa. Kwa Wagiriki lilikuwa jina la watu weusi wa kusini mwa Misri, zaidi Nubia na ufalme wa Kushi, na pia la watu wa miisho ya dunia ambako jua linachomoza na kuzama. Homer anawagawa Waethiopia mafungu mawili, la mashariki na la magharibi. Ndiyo maana Phaethon anaweza kutoka Ethiopia, kupita India, na kufika kwa baba yake bila ramani kulalamika.

Pili, ngano hiyo inaanza na dhana kwamba rangi ya msimuliaji ndiyo ya kawaida na ya mwenzake ndiyo inayohitaji ajali kuielezea. Biolojia inaonyesha kinyume. Binadamu wa sasa walitokea Afrika wakiwa na ngozi nyeusi, inayoikinga miili dhidi ya miale mikali ya jua. Weupe wa ngozi ulikuja baadaye kwa waliohamia kaskazini. Kama ingehitajika ngano ya kueleza aliyebadilika, ingebidi iwahusu wao. Hata hivyo sitaki kumbebesha Ovid chuki za karne zilizofuata. Waethiopia wa ngano za Kigiriki ni watu wa heshima: Homer anawaita wasio na lawama, na mwanzoni mwa Iliad Zeus na miungu wote wamekwenda kwao karamuni, hawatarudi hadi siku ya 12. Phaethon mwenyewe, tusisahau, ni mwana wa mfalme wa Kiethiopia kwa malezi.

Mstari mwingine unatugusa kwa karibu zaidi. Kwa hofu ya moto, Mto Nile ulikimbilia mwisho wa dunia na kukificha kichwa chake, ambacho, anaongeza Ovid, hadi leo bado kimefichika. Alikuwa akieleza kwa ngano swali lililowasumbua wasomi wa Bahari ya Kati kwa karne nyingi: mto huu mkubwa unatoka wapi? Mwanahistoria Herodotus aliuliza akakosa mtu wa kumjibu. Kaizari Nero alituma askari kupandisha mto, na Seneca anasema walikwamishwa na vinamasi visivyo na mwisho, bila shaka vile vya Sudan Kusini ya leo. Karne ya 2 BK, Ptolemy wa Aleksandria aliandika kwamba mto unatoka kwenye maziwa yanayojazwa na Milima ya Mwezi, na sehemu ya habari zake ilitoka kwa mabaharia waliofika Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mpelelezi Mwingereza Speke alifika Mwanza mwaka 1858, na mwaka 1862 akasimama Jinja mahali mto unapotoka Ziwa Victoria. Wasoga na Waganda, ambao hawakumsoma Ovid, walikuwa wakivua samaki kwenye kichwa hicho siku zote.

Waliotaka kukitoa ukweli ndani yake

Si wote wa kale waliokichukua kisa hiki kama kilivyo. Katika Timaeus ya Plato, kuhani wa Misri mjini Sais anamwambia Solon, mtunga sheria wa Athens, kwamba Wagiriki ni watoto siku zote, hawana kumbukumbu ya zamani, na anatoa mfano wa Phaethon: umbo lake ni ngano, lakini ukweli wake ni kwamba vitu vinavyozunguka mbinguni hupotoka njia baada ya muda mrefu, na vitu vya duniani huangamia kwa moto. Huyo kuhani anasema pia kwamba Wamisri huokolewa na Nile wakati huo. Kwa Plato mto ni mwokozi, kwa Ovid ni mkimbizi.

Aristotle anataja kwamba baadhi ya wafuasi wa Pythagoras waliamini Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga la usiku, ni alama ya kuungua iliyoachwa na nyota iliyoanguka zama za Phaethon. Yeye hakukubali, alisema kama ni hivyo, njia ya jua la kila siku ingeungua zaidi.

Kaharabu ilileta ubishi wa biashara. Vito hivyo vya rangi ya asali vilifika Ugiriki na Italia kutoka kaskazini, na moja ya njia zake ilishukia karibu na mdomo wa Mto Po, ndiyo maana Eridanus ya ngano ikaja kutambulishwa na Po. Herodotus hakuamini hata kama mto huo upo. Leo tunajua ni utomvu wa miti uliogeuka kisukuku kwa makumi ya mamilioni ya miaka, mwingi ukitoka pwani za Baltiki. Lucian anajisimulia alivyopanda mashua mtoni Po akitazamia kuona miti inayolia kaharabu. Wapiga kasia walimcheka: kama tungekuwa na miti ya namna hiyo, unadhani tungekuwa hapa tunapiga makasia kwa oboli mbili?

Eridanus ulipandishwa pia mbinguni, ukawa kundinyota refu linalojipinda kuelekea kusini. Kundi hilo linaonekana vizuri Afrika Mashariki kuliko Athens. Nyota yake angavu kuliko zote, Achernar, iko mwisho wa mto; Wagiriki hawakuweza kuiona kutoka kwao, wakalazimika kuukomesha mto wao juu zaidi kwenye nyota hafifu. Anayekaa Mombasa au Dodoma huuona mto mzima jioni za Desemba na Januari.

Desemba hiyohiyo kuna Phaethon mwingine. Tarehe 11 Oktoba 1983 setilaiti iitwayo IRAS iligundua asteroidi ya upana wa kilomita tano hadi sita, inayolikaribia jua hadi kilomita milioni 21 hivi, chini ya nusu ya umbali wa Utaridi. Ikapewa jina la kijana huyu. Mwanafalaki Fred Whipple aliona upesi kwamba njia yake inalingana na ya vimondo vya Geminidi, vinavyoonekana kila mwaka karibu na tarehe 13 na 14 Desemba vikitokea upande wa kundinyota la Jauza. Jambo hilo liliwachanganya wataalamu, kwa sababu mvua nyingi za vimondo hutokana na nyotamkia zenye barafu, wakati Phaethon ni jiwe. Ikilikaribia jua, uso wake hupata joto la nyuzi 700 hivi za Selsiasi na huonekana kung'aa ghafla. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kinachong'aa ni mvuke wa sodiamu, si vumbi, kwa hiyo vumbi la vimondo lazima lilimwagika zamani kwa tukio lingine. Geminidi hutazamwa vizuri ukiwa mbali na taa za mji, kuanzia saa nne usiku, na huwa vingi zaidi karibu na saa nane.